Rihani Juu ya Baba

Hai Mauna, Juba
9 Februari 2025

Mwanangu Wani,

Salamu kwako, salamu kwa mdogo wako Night, salamu kwa shangazi yako Florence na kila anayekula kwenye sufuria yake. Mnakula lakini? Sema kweli. Mtu anaweza kuandika "tuko wazima" huku tumbo limeshikana na mgongo. Mimi nimewahi kuandika hivyo, najua.

Mimi niko. Goti la kushoto linauma nikiinama, nikisimama linasahau. Simu uliyonitumia waliichukua sokoni Custom, mkono uliingia kwenye mkoba wangu kama uko nyumbani kwao. Usihuzunike. Tutaandikiana. Kiswahili nilichokiokota Kitale nikiwa msichana wa kufulia watu nguo, na herufi za darasa la kanisa, acha vifanye kazi. Ponsiano, yule Mganda wa lori la vitunguu, amesema barua siyo mzigo.

Sasa bustani, maana najua wewe unaruka mistari kuitafuta. Rihani ya baba yako imefika kiunoni, na kitalu chake sasa kinafika karibu na jiko. Ni ile ya porini niliyoitoa njia ya Rejaf, siyo ya dukani, na jua hili lote la Februari haijali. Nimefanya kama ulivyosema: sikati maua yote, nawaachia nyuki nusu. Karai la maji nimelitia mawe, nyuki wanasimama juu ya mawe wanakunywa, hawazami tena. Rundo la magogo limepata vyura na mjusi mmoja mwenye kichwa chekundu ambaye anajiona yeye ndiye mwenye nyumba. Chozi wanakuja asubuhi, wale ndege wadogo wa mdomo uliopinda. Jirani yangu Proscovia, anayekaanga chapati hapa nje, haelewi. Juzi ameniuliza akichungulia juu ya ua:

"Mama Wani, huko ndani unafuga nyoka ama unafuga mume?"

"Mume," nikamwambia. "Si yuko hapo chini."

"Basi mwambie nyuki zake zisinywe sukari yangu."

Tukacheka. Kucheka ni kuzuri, Wani, sikufichi, kwa sababu neno lenyewe linakuja sasa.

Jumanne alikuja mtu na gari jeupe. Hakusalimu. Alitembea kutoka kona mpaka kona akihesabu hatua, akafika kwenye rihani, akaikanyaga, akaendelea. Nikamuuliza, ndugu, umepoteza nini? Akasema, "Wewe ndiye umepotea, mama. Kiwanja hiki ni changu tangu 2011." Ana karatasi. Ina muhuri.

Na sisi tuna karatasi. Ya baba yako Ezbon, niliyokufungia kwenye nailoni na kukushonea ndani ya shati mwaka ule wa 2016 mlipopanda lori na Night kukimbia vita. Sijawahi kukuuliza, nilijua iko salama. Sasa nakuomba. Mpe Ponsiano, aiweke kifuani, siyo kwenye mzigo.

Mungu akulinde, na uvae sweta, Kitale ni baridi.

Mama yako,
Teresa


Kitale
2 Machi 2025

Mama mpendwa,

Barua yako imenikuta mzima, na sisi sote tunakula, kweli. Shangazi Florence amepona kifua. Night amekuwa wa nne darasani na anataka nikuandikie kwamba yule wa tatu aliibia. Ana miaka kumi na mbili, Mama, na ananikaribia kwa urefu.

Pole kwa simu. Pole kwa goti. Usiiname kupalilia, tumia jembe la mpini mrefu, na hata hivyo usipalilie sana. Magugu mengine yana vipepeo wake.

Hapa kazini, kitaluni, tumeanza kuotesha rihani ya aina hiyo hiyo. Huku wanaiita kivumbasi. Wazungu wa mashamba ya maua walikuwa wanaing'oa, sasa wamesikia inaleta nyuki na kufukuza mbu, wanakuja kuinunua na magari. Nimewaambia mama yangu anayo ya kufika kiunoni na hajawahi kupulizia dawa hata tone. Mbegu zikikauka, usizivune zote. Tikisa matawi kidogo zianguke zenyewe, mvua ya Aprili itazikuta chini. Na yale magogo usiyahamishe wakati huu, vyura wanalala ndani wakingoja maji.

Kitu kimoja kinanishangaza. Umesema kitalu sasa kinafika karibu na jiko. Mbona umepanda upana wote huo? Tulisema kipande cha kumfunika Baba tu, kwa kuwa misalaba ililiwa na mchwa mara mbili. Lakini sikulaumu, nyuki watafurahi.

Kuhusu yule mtu wa gari, wako wengi Juba wa namna hiyo, wanatishia wajane waone kama watatetemeka. Wewe kaa kimya. Kuhusu karatasi, kuna vitu vya Shangazi vilivyofungiwa kwenye sanduku, nitaangalia. Ponsiano ana haraka leo.

Mwanao,
Wani


Hai Mauna, Juba
23 Machi 2025

Wani mwanangu,

Salamu nyingi, na mwambie Night wa nne ni mzuri, lakini wa tatu asimwite mwizi bila shahidi.

Mji hauko vizuri. Watu wanafunga mizigo, wanafungua, wanafunga tena. Usiku wa mlio wa bunduki nalala chini ya kitanda na Biblia. Kukicha naenda kuangalia kama chozi wamekuja. Wakija nasema, haya, wao wana akili, kama ni mbaya wangeondoka.

Umeandika utaangalia sandukuni. Mimi niliishona kwenye shati lako, Wani. Nani aliitia sandukuni? Lakini vijana mnahamisha vitu. Angalia upesi.

Nilikwenda kwa sultan, chifu wa eneo letu, na yule mtu naye akaja na watu wake. Sultan ni mzee mpole, anasikiliza na macho yamefungwa, mtu anaweza kudhani amelala. Akasema, kwetu wawili wakidai ardhi moja tunauliza vitu vitatu. Nani ana karatasi. Nani ana jirani wa zamani aliyemwona akijenga. Nani amezika. Yule ana karatasi. Mimi jirani zangu wa zamani, unawajua, wote walitawanyika 2016. Gaetano katekista aliyemwombea baba yako, mwenyewe alizikwa Adjumani, ukimbizini Uganda. Proscovia amekuja juzi tu, na ni mgeni, hawezi kushuhudia.

Nikasema, nimezika. Mume wangu yumo ndani ya hosh yangu, hapa uani, tangu 2014.

Basi wakaja kuona. Ningeweza kufa kwa aibu. Nilitegemea wataona kaburi, kumbe macho yangu peke yangu ndiyo yalikuwa yanaliona. Wao waliona vichaka. Mjusi akapanda gogo akawatikisia kichwa. Yule mtu akacheka mpaka akashika tumbo.

"Mama, hii ni mboga. Onyesha mtu."

"Yuko chini yake."

"Msalaba uko wapi? Saruji iko wapi? Hata Mdinka aliye maskini kabisa anaweka mawe. Sultan, huyu mama amelima sukuma wiki, anatuambia ni mume."

Sultan akafungua macho. "Mama Wani, kwa nini hukuweka alama?"

Nikasema, mwanangu ni mtu wa miti, alinishauri tusimfunike baba yake kwa saruji, tumpandie kitu ambacho nyuki watakitembelea, kwa maana marehemu alipenda nyuki. Nikaona maneno yangu yenyewe yananisaliti nikiwa bado nayatoa. Kwenye kizinga cha baba yako kule Kajo Keji yangeeleweka. Mjini ukisema hivyo unaonekana kichaa.

Sultan akanipa mpaka Jumamosi baada ya Pentekoste. Nilete karatasi. Nisipoleta, ardhi ifunguliwe mbele ya watu, ionekane kama kuna mtu. Unajua maana yake kwetu, kumfungua aliyelala. Hata mbuzi wa kuosha huo mkosi sijui atatoka wapi. Kwa hiyo usinichoke. Karatasi, mwanangu. Hata kama imelowa, hata kama panya wamekula kona.

Mama yako


Hai Mauna
27 Aprili 2025

Wani,

Pasaka imepita. Nilikuombea.

Ponsiano amerudi mikono mitupu. Anasema alikwenda kitaluni mara mbili, wakamwambia hupo. Anasema mara ya pili aliona viatu vyako nyuma ya miche. Nikamwambia viatu vya plastiki vinafanana dunia nzima.

Mvua imeanza. Zile mbegu ulizoniambia nisizivune zimeota kila mahali, hata kwenye ufa wa jiko. Unipe basi na hilo moja ninaloomba mimi.

Unaumwa? Kama unaumwa, mwambie Night aandike.

Mama


Kitale
18 Mei 2025

Mama,

Salamu. Shangazi mzima, Night mzima. Siumwi. Viatu vilikuwa vyangu.

Naandika haya mara ya saba. Zile sita nimezitia kwenye shimo la mbolea.

Karatasi haipo. Haiko sandukuni, haikuwahi kuwa sandukuni. Tangu siku ile ya lori sina karatasi, Mama.

Ulinishonea shatini ukaniambia, "Usiiachie hata ukifa." Tulipotoka mjini kulikuwa na kizuizi, halafu kingine. Kwenye cha tatu walikuwa watu wenye bunduki wasiokuwa na nguo za kufanana, na walikuwa wanataka vitambulisho. Walikuwa wanasoma majina. Ukisoma jina la mtu unajua kwao. Bona, mtoto wa fundi baiskeli, unamkumbuka, alikuwa mbele yangu. Alikuwa na cheti chake cha shule, alikitoa kwa kujivunia, alidhani cheti kitamsaidia. Wakakisoma. Wakamshusha. Lori likangoja. Hakurudi kupanda.

Night alikuwa mapajani kwangu, alikuwa na miaka mitatu, alikuwa amenishika shati mahali pale pale ilipo nailoni, na ilikuwa inalia kra kra kila akisogea. Niliisikia kuliko kitu chochote duniani. Jina la Baba lilikuwa mle ndani, na jina la baba yake, na kijiji. Nikatafuna uzi. Sakafu ya lori ilikuwa na tundu, nikaisukuma karatasi kwenye tundu pole pole kwa kidole gumba. Iliingia kwenye tope. Walipofika kwangu nikasema mimi na mdogo wangu hatuna chochote, sisi ni yatima. Nilisema wewe umekufa. Wakatuacha.

Miaka tisa nimekuwa nikijibu "iko salama" kila mtu akiuliza. Nilidhani hakuna atakayeihitaji, maana wewe uko pale na Baba yuko pale.

Halafu nikakushauri usiweke saruji. Nilijiona mjuzi. Nilitaka Baba apate nyuki. Nilichofanya ni kukunyang'anya vyote viwili, karatasi na kaburi, na nilikuwa mbali, na nilikuwa nakuandikia habari za vyura.

Usiwaache wafungue ardhi. Nitakuja. Nitaapa mbele ya sultan. Nimeomba ruhusa kazini, naja wiki ya pili ya Juni kama barabara itaruhusu.

Nisamehe ukiweza.

Wani


Hai Mauna, Juba
6 Julai 2025

Mwanangu Wani,

Salamu kwako, kwa Night, kwa Florence. Mimi mzima, nakaa kwa Proscovia sasa, tunalala miguu kwa vichwa kama dagaa. Anakoroma, asubuhi anasema ni mimi.

Barua yako ya Mei ilinifikia tarehe kumi na saba Juni. Lori la Ponsiano lilifungiwa Elegu mpakani kwa sababu ya risasi za barabarani. Wewe mwenyewe hukuja, na nashukuru hukuja, wale waliojaribu wiki ile wengine hawajafika mpaka leo. Lakini ujue ilivyokuwa: Jumamosi ile, tarehe kumi na nne, nilikuwa bado nasimama mbele ya watu nasema, ngojeni, mwanangu anakuja na karatasi. Nilisema hivyo tangu asubuhi mpaka jua likafika kichwani. Sultan akanionea huruma, akasema, mama, kivuli kimekwisha.

Kwanza kabisa, ya karatasi. Nimesoma mara nyingi, Proscovia akadhani ni barua ya msiba. Sikiliza. Kama ungekuwa mbele yangu siku ile na tundu lile, ningelipanua kwa meno yangu. Uliniua kwa mdomo na ukamtoa Night akiwa hai, na mimi niliyekufa ndiye ninayekwambia asante. Mimi ndiye niliyekosa. Mama gani anamshonea mtoto wa miaka kumi na tano karatasi na kumwambia hata ukifa? Nilikuwa nafikiria udongo. Usilibebe tena hilo. Liweke hapa kwangu.

Sasa langu, kwa maana na mimi nimekuficha.

Mlipoondoka niliwaambia nabaki na baba yenu. Nilibaki siku mbili. Siku ya tatu moto ulikuja kwenye nyasi za ua, nikakimbilia kanisani, nikakaa huko miezi minne. Niliporudi hapakuwa na nyumba. Hapakuwa na ua. Mwarobaini uliokuwa kichwani pake ulikuwa umekatwa hadi mizizi, watu waliuza kuni. Msalaba hata wa kuliwa na mchwa haukuwepo. Magari mazito yalikuwa yamepita na mvua ikapita juu yake, yote ni tope sawasawa. Nilisimama katikati ya kiwanja changu, Wani, na sikujua mume wangu yuko wapi.

Misalaba miwili niliyokwambia ililiwa na mchwa, niliitia kwa kukisia. Halafu ukanishauri habari ya rihani, nikakubali upesi, ukafurahi, ukadhani una mama msikivu. Saruji inataka mahali. Rihani haikuuliza. Uliniuliza mbona nimepanda upana ule: nilitaka asikose kuwa ndani. Kila mwaka nilikuwa naongeza mstari mmoja, huku nikisema labda leo nimemfikia.

Na mbele ya sultan niliapa juu ya msalaba wa kanisa kwamba yuko pale. Niliapa kitu nisichokijua.

Walichimba Jumamosi na Jumatatu. Nyuki waliwapiga, kwa hiyo walichoma tairi kuwafukuza na wakaikata rihani yote chini, harufu yake ilifika mpaka barabarani, watu waliokuwa wanapita walikuwa wanavuta pumzi na kusema harufu nzuri. Magogo waliyapindua, vyura wakatoka wengi sana, vijana wakawapiga majembe wakicheka. Mimi nilikaa kwenye ndoo. Walitoa chupa. Walitoa ndala moja. Walitoa mfupa, nikasimama, sultan mwenyewe akaushika akaugeuza. Ulikuwa wa ng'ombe. Yule mtu akasema, "Mama, mumeo alikuwa na kwato?" Sultan akamwambia afunge mdomo, lakini watu walikuwa wameshacheka, na kicheko hakirudi.

Wakafika kwenye udongo mwekundu ambao haujawahi kuguswa. Hakuna mtu. Sultan akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kuonyesha mahali pengine. Nikatazama hosh yangu yote. Nikasema hapana, nilishaapa. Nilihofia pia, mwanangu, nikionyesha pengine na penyewe wakose, nitaanza kujiuliza kama nilikuwa na mume.

Kiwanja kimekwenda. Usije kupigana. Umebaki wewe na mdogo wako, sina mwingine wa kutafuta ardhini.

Usiache kazi yako ya miche. Nakuandikia hili kwa mkono mzito ili ulisome vizuri: nyuki walikuja kweli, na miaka ile nilipokuwa peke yangu walikuwa ndio wanaonisemesha asubuhi. Mtu akikuuliza kama mama yako anajuta kupanda, mwambie hapana.

Jina la baba yake tumwambie Night. Mahali, mwambie ni Hai Mauna. Asiulize zaidi, na akiuliza, mwambie aniulize mimi.

Sasa yule mtu anajenga. Ni nyumba kubwa, wanachimba msingi pande zote nne, siyo pale kwenye rihani tu. Kila asubuhi kabla mafundi hawajafika mimi nimeshasimama ng'ambo ya barabara, karibu na jiko la Proscovia. Nimeongea na fundi mkuu, kijana mzuri wa Mbale, anaitwa Lubega. Nimemweleza. Hakucheka. Amesema wakimkuta mtu watasimamisha kazi na kuniita kabla ya kumwita tajiri.

Wamemaliza upande wa lililokuwa jiko langu. Leo wameanza upande wa barabara. Nina shuka safi kwenye mkoba, nimeipiga pasi.

Mama yako,
Teresa